Mlango Umefungwa, Mwenyewe Yumo

Wapwa zangu, sogeeni hapa. Aliye na muhogo mkononi aendelee kutafuna. Masikio hayatafuni, yatanisikia.

Nataka kuwasimulia matembezi yetu. Yalikuwa ya nusu siku tu, kutoka uani mpaka kwenye mbuyu, na kurudi. Tulikuwa watatu. Mimi, mpwa wangu wa kike anayesoma darasa la nne, na mdogo wake. Huyo mdogo meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamekwenda na hayajarudi. Shikeni habari ya meno hayo. Tutayahitaji mbele.

Ilikuwa mwezi wa Julai, hapa Lugoba. Mnaijua Lugoba? Iko Mkoa wa Pwani, kwenye Halmashauri ya Chalinze, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Mabasi ya Tanga yanapita hapa mbiombio. Malori ya kokoto yanatoka hapa yakiwa yamelemewa, yanakwenda kujenga Dar es Salaam. Anayepita kwa basi anaona maduka, vumbi, na mwembe mmoja mmoja. Anayetembea kwa miguu anaona mengine kabisa. Ndiyo maana nikasema: twende kwa miguu, tena polepole.

Kwa nini Julai? Kwa sababu Julai ni kipupwe. Masika yamekwisha, njia zimekauka, matope hakuna. Upepo wa kusi unavuma taratibu. Mbingu ni safi, hata wingu la kufutia kioo hulioni. Alfajiri unaivizia khanga ya mama ujifunike. Ikifika saa nne, jua ni tamu. Linakushika begani kama mkono wa bibi.

Kabla ya kutoka niliweka sheria. Ya kwanza, kila mtu viatu vinavyofunika vidole, kofia na chupa ya maji. Ya pili, hakuna kutia mkono kwenye shimo, kwa sababu shimo lina mwenyewe. Ya tatu, hatusogelei machimbo ya mawe, maana kule wanapasua miamba kwa baruti. Ya nne ndiyo niipendayo: kila mtu atauliza. Asiyeuliza abaki nyumbani achambue mchicha.

Wote wakachagua kuuliza.

*

Swali la kwanza lilikuja kabla hatujafika hata kwenye kisima.

"Mjomba, jua hilo lipo, linawaka. Mbona baridi?"

Aliyeuliza ni yule mdogo. Nikasimama nikampa mkono. Mtoto akiuliza vizuri anapewa mkono, kama mtu mzima aliyefanya kazi.

Nikamwambia: bibi yako akichota kikombe kimoja cha unga, akakitia kwenye sufuria ndogo, uji unakuwaje?

"Mzito."

Kikombe kilekile akikitia kwenye sufuria la harusini?

"Unakuwa maji maji!"

Basi, nuru ya jua ni unga. Jua likiwa juu ya utosi wako, unga wote unaangukia mahali padogo. Joto linakuwa zito, mpaka unatafuta kivuli. Lakini mwezi wa Juni na Julai jua limehamia upande wa kaskazini. Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Nuru inatufikia kwa mshazari, inatandazwa mahali papana. Unga ni uleule, sufuria ndilo lililopanuka. Tunapata jua jepesi, kama uji wa mgonjwa. Tena kusi nao unatoka pande za kusini ambako wakati huu ni baridi zaidi, unatupulizia.

"Sasa nitajuaje kama jua limehama kweli?" akauliza dada mtu.

Ah! Huyo ndiye mtoto ninayemtaka. Haamini tu, anataka kuona. Nikamwambia: ngoja mchana, fimbo yangu itakujibu.

*

Tukaingia kwenye kijia chembamba. Nyasi zilikuwa zimekauka, rangi ya mkate. Tulipotoka upande wa pili, suruali ya yule mdogo ilikuwa imejaa vijiti vyeusi vyembamba. Akaanza kuvipangusa. Havitoki.

"Mjomba, hivi vinaning'ang'ania!"

Hiyo ni kishona nguo. Nikachomoa mbegu moja nikaiweka kiganjani mwake. Tazama hapa nchani. Unaona vijino viwili vitatu? Kila kijino kina vimiba vidogo vinavyotazama nyuma. Ndiyo maana inaingia kirahisi na inatoka kwa shida.

Mbegu ile ingekuwa na sauti ingesema hivi: "Mtoto mzuri, mimi sina miguu. Mama yangu ameniambia nisikae chini yake, tutagombea maji. Nimekaa hapa kando ya njia tangu asubuhi nangoja anayepita. Umepita wewe. Nibebe kidogo tu, kisha nitupe popote upendapo."

"Kwa hiyo nimekuwa basi lake?"

Umekuwa basi lake. Wala hukumdai nauli.

Tukapita kando ya shamba la ufuta. Mwenye shamba alikuwa ameukata, akaufunga matita, akayasimamisha wima kama watu wanaoteta. Tukamwamkia: "Shikamoo, bibi." Akaitikia: "Marahaba, wanangu. Msiyainamishe tu." Kwa nini hakutaka yainamishwe? Vibweta vya ufuta vikikauka hufunguka juu, kama kikombe. Ukiinamisha, mbegu zinamwagika zote mchangani. Utaziokota moja moja mpaka mwakani. Kwa hiyo matita yanasimama, yanakauka, kisha mwenyewe anayapindua juu ya turubai, na ufuta unanyesha kama mvua.

Mnaona? Kiangazi chote kinasema habari ya kufunga na kufungua. Twendeni, mtaona zaidi.

*

Tukafika kwenye mninga. Mninga ni mti wa mbao nzuri, huenda hata kitanda chako ni mninga. Siku ile ulikuwa unapukutika. Upepo ukipita, majani ya njano yanashuka. Pukutu, pukutu. Matunda yake yalikuwa bado yananing'inia. Tunda la mninga ni kama chapati ndogo iliyokauka, na katikati pamesimama miiba kama nungunungu. Ule ukingo wake bapa ndio bawa. Upepo mkali ukija, chapati inaruka.

Yule mdogo hakutazama chapati. Alitazama majani chini. Akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mjomba, mti huu unakufa?"

Nikaokota jani moja. Nikamwekea sikioni. Nikamwambia, sikiliza. Jani lilisema hivi:

"Mimi nilikuwa jiko. Tangu mvua zilipoanza, nimepika. Kuni zangu ni jua. Maji nililetewa kutoka mizizini. Hewa niliivuta kwa vidirisha vidogo sana, jicho lako haliwezi kuviona. Nikapika sukari. Mti mzima umekula kwangu: shina, matawi na mizizi."

"Sasa mbona umefukuzwa?"

"Sikufukuzwa. Maji yamepungua. Kila nikifungua vidirisha nivute hewa, mvuke unatoka, kama unavyotoka kwenye chungu kisicho na kifuniko. Wakati wa masika si neno, maji yapo tele. Sasa ardhi imekauka. Nawe nikuulize: una vyungu elfu jikoni, vyote vinatoa mvuke, na maji yamebaki ndoo moja. Utafanya nini?"

"Nitaviepua!"

"Basi ndivyo mti ulivyofanya. Umeepua vyungu, umefunga jiko."

Hapo nikamwonyesha mahali jani lilipokuwa limeshikilia. Palikuwa na kovu dogo, gumu, limejiziba vizuri. Nikasema: huu ndio mlango. Mti hauachi jani lichanike ovyo. Kwanza unachukua vitu vyema vilivyomo ndani ya jani, unavirudisha kwenye matawi. Kama mama anayehama. Anabeba sufuria, anabeba mwiko, anabeba chumvi. Anaacha mkeka uliochakaa. Kisha unajenga ukuta mwembamba pale kikonyo kinaposhika. Jani linadondoka, na kidonda kimekwisha kupona.

"Na hii rangi ya njano, mti umeipaka lini?" akauliza dada mtu.

Haukuipaka. Ilikuwepo siku zote. Rangi ya kijani ilikuwa juu, kama khanga juu ya gauni. Jiko likifungwa, kijani kinavunjwa na kuondolewa. Khanga imevuliwa, ndipo gauni linaonekana.

Dada mtu akafikiri. Akasema: "Kwenye kitabu chetu kuna picha ya watoto wa Ulaya wanakanyaga majani mekundu na ya njano. Mwalimu alisema hayo ni majira yao. Nikadhani kwetu hakuna."

Kwetu yapo, mama. Ila sababu ni tofauti. Ulaya majani hupukutika Septemba mpaka Novemba, kwa kuwa mchana unakuwa mfupi na baridi kali inakuja, mpaka maji ya ardhini yanaweza kuganda. Kwao kuni zinakwisha. Kwetu maji yanakwisha. Mwenye jiko kule na mwenye jiko hapa wote wanafanya jambo moja. Wanafunga mlango, wanangoja.

Yule mdogo hakuridhika. Alikuwa bado anautazama mti kwa huruma.

Nikamwambia: pitisha ulimi hapo mbele kwenye pengo. Meno yako yamekwenda wapi?

"Yameng'oka."

Umekufa?

Akacheka, pengo lote likaonekana. "Sijafa!"

Chini ya ufizi kuna nini?

"Mengine yanakuja. Mama alisema."

Nikamwinamishia tawi. Juu tu ya lile kovu palikuwa na kinundu kidogo, kama punje ya mtama. Humo majani ya mvua zijazo yamejikunja, yamelala. Nikamwambia, sema nami: *Mlango umefungwa, mwenyewe yumo.*

Akasema: "Mlango umefungwa, mwenyewe yumo."

*

Hatukwenda mbali. Chini ya gogo lililoanguka tukamkuta konokono. Yule mkubwa wa pwani, gamba la kahawia lenye michirizi. Lakini hakuwa ametoa pembe. Mdomo wa gamba ulikuwa umezibwa kwa kitu cheupe, chembamba, kama karatasi iliyokauka.

Yule mdogo akaokota kijiti. "Nitoboe nione kama yumo?"

Ngoja, baba. Kwanza sikiliza.

Konokono akasema: "Wewe mwenye kijiti, shikamoo yako iko wapi? Mimi mwili wangu ni maji matupu. Nikitembea juani Julai, nitakauka kama dagaa. Kwa hiyo nimeingia ndani, nimetoa ute, ute umekauka, umekuwa mlango. Nimelala. Moyo wangu unapiga polepole. Sili, sinywi. Nitalala hivi miezi. Usinibishie hodi, sitaitika. Mvua peke yake ndiyo inayojua kuniamsha. Ukinitobolea mlango, maji yangu yatatoka, na kabla ya vuli nitakuwa gamba tupu."

Kijiti kikashuka chini chenyewe.

Nikawaambia jambo moja zaidi juu ya huyu bwana. Jamii yake asili yake ni huku kwetu, Afrika Mashariki. Watu wamewabeba mpaka Asia na visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na huko wamezaana wakala mashamba ya watu. Msafiri mkubwa asiyekuwa na haraka! Ila mkimgusa, naweni mikono kwa sabuni. Anaweza kubeba vijidudu vya maradhi.

Tukamrudishia kivuli chake cha gogo. Nani alisema yale maneno safari hii? Si mimi. Yule mdogo aliinama, akamnong'oneza konokono:

"Mlango umefungwa, mwenyewe yumo."

*

Mwisho wa njia ulisimama mbuyu. Mbuyu mwezi wa Julai ni matawi matupu. Jani hata moja hamna. Tukaushika kiuno, sisi watatu, mikono tumenyoosha. Mikono haikukutana. Tungehitaji ndugu wengine wanne.

"Huu sasa umekufa kabisa," alisema yule mdogo, lakini akinitazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa ananijaribu. Naye alikwisha kujua.

Chini palikuwa na kijitawi kibichi kilichovunjwa na upepo. Nikampa dada mtu, nikamwambia, kwangua ganda kidogo kwa ukucha. Akakwangua. Ganda la nje ni la kijivu, kama ngozi ya tembo. Chini yake, wapwa zangu, palikuwa kijani! Kijani kibichi, cha kung'aa.

"Mjomba! Kuna jani ndani ya gome!"

Vizuri sana. Hukuambiwa, umeona mwenyewe. Mbuyu umefunga jiko kubwa la majani. Lakini umebakiza jiko dogo la mkaa, ndani ya gome. Jua likipiga, linapika kidogo kidogo. Chakula cha kuvukia kiangazi, si cha karamu.

Na maji? Maji yako kwenye tumbo hili. Mti wa mbuyu si mgumu kama mpingo. Mpingo ukiutia majini unazama kama jiwe. Mbuyu ndani ni laini, umejaa maji kama sifongo. Mvua zikiwa nyingi, tumbo linajaa kidogo. Kiangazi kikiwa kirefu, linapungua kidogo. Ni mtungi uliosimama uwanjani bila kuegemezwa.

Mbuyu mkubwa unaweza kuishi zaidi ya miaka elfu moja. Fikirini, nchi hii yetu ya Ukwere ilikuwa njia ya wapagazi. Karne ya 19 walikuwa wakitoka Bagamoyo kwa miguu, mzigo wa kilo 30 hivi begani, mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ilikuwa safari ya miezi. Mibuyu mingi inayosimama leo ilikwisha kuwa mizee siku hizo, ikiwapa kivuli cha shina tu wakati wa kiangazi, na ubuyu wa kumung'unya.

Nasi tukamung'unya ubuyu. Mchachu! Yule mdogo alifumba macho yote mawili.

*

Tukangoja saa sita na nusu. Kwa nini si saa sita kamili? Kwa sababu saa ya ukutani ni moja kwa Tanzania nzima, lakini jua lina saa yake kwa kila kijiji. Hapa Lugoba, mwezi wa Julai, jua hufika juu kabisa yapata saa sita na nusu.

Nikaisimika fimbo wima mchangani. Kivuli chake kilikuwa kifupi, karibu nusu ya fimbo. Nikamuuliza dada mtu: kinaelekea wapi?

Akatazama. Akageuka huku na huku. "Kinaelekea Chalinze!"

Chalinze iko upande gani?

"Kusini."

Kivuli kikienda kusini, taa iko upande gani?

Akaruka juu. "Kaskazini! Jua limehama kweli!"

Limehama kweli. Na mwezi wa Desemba uje tena hapa na fimbo. Jua litakuwa limetupita, limekwenda kusini. Kivuli cha mchana kitageuka, kitaelekea kaskazini, upande wa Msata. Na katikati ya safari hiyo, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua litapita utosini hasa. Siku hizo, fimbo ikisimama wima mchana, kivuli kinajificha chini yake. Hukioni.

"Na mvua za vuli zinakuja baada ya hapo?"

Mara nyingi zinakuja baada ya hapo. Jua likikaribia utosini, nchi inapata moto, upepo unaanza kubadilika, mawingu yanapata njia. Ndipo milango inafunguka.

Tukarudi nyumbani polepole. Yule mdogo alikataa kubanduliwa kishona nguo zilizobaki. Alisema abiria wake hawajafika.

*

Wapwa zangu, ningeweza kuishia hapo. Lakini hadithi yenyewe haikuishia hapo.

Nilirudi mjini kwenye kazi zangu. Agosti ikapita. Septemba ikapita, vumbi jekundu. Siku moja ya Novemba simu ikalia asubuhi mapema. Nyuma ya sauti nilisikia mabati yakipigwa na mvua.

"Mjomba! Shikamoo! Mbuyu umetoa majani! Kama vidole vya mtoto! Tena una maua meupe makubwa, bibi anasema yanafunguka usiku, popo ndio wanayatembelea. Na konokono hayupo pale kwenye gogo. Ameacha njia inayong'aa!"

Alikuwa dada mtu. Aliongea bila kuvuta pumzi. Kisha nikasikia wananyang'anyana simu. Sauti ndogo ikaja, na safari hii ilikuwa na mluzi mdogo ndani yake.

"Mjomba, langu moja limetoka. La mbele. Ukiligusa lina meno meno kama msumeno."

Nikamuuliza: ulikuwa umelisahau?

"Sikulisahau," akasema. "Nilijua mwenyewe yumo."